Jina Lako Kwenye Hataza: Mwongozo Kamili kwa Mwanamke Mvumbuzi wa Pwani ya Tanga

Mama yangu mdogo analima mwani upande wa Mkinga. Kila bamvua, maji yakipwa, anashuka na wenzake hadi kwenye kamba. Siku za kuvuna vidole vilikuwa vinachanika, maana mwani hunyofolewa kwa mkono, shada kwa shada, huku maji ya chumvi yakiingia kwenye michubuko. Akachoka. Akachukua ubao wa ngalawa iliyovunjika, akautoboa tundu, akapanga spoku za baiskeli pande mbili kama meno ya kitana, kisha akaipitisha kamba katikati na kuivuta. Mwani ukabaki upande huu, kamba ikatokea upande wa pili na taitai zake zote, yaani vile vikamba vya kufungia mwani.

Alipotaka cha chuma kisichooza, alikuja Tanga mjini kwa fundi wa kuchomea. Akamweleza kila kitu, akamwachia na kile cha ubao kiwe mfano. Mwaka uliofuata tulikikuta kwenye banda la maonesho, kimepakwa rangi ya buluu, na kando yake cheti kinachomtaja fundi kuwa ndiye mbunifu. Mama mdogo alisimama mbele ya ile meza kwa muda, halafu akaniuliza: "Kwani mimi nilikuwa nani?"

Tangu siku hiyo nimesoma sheria ya hataza, ile haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, nimekaa na wanawake wenye vitu vyao vya maana, na nimejifunza jambo moja ninalotaka ulishike kabla hatujaanza. Dhuluma hii haianzii kwenye dirisha la ofisi ya usajili. Sheria yetu ya Hataza, Sura ya 217, haimzuii mwanamke kuomba. Dhuluma inaanzia mapema zaidi, siku ambayo kitu kinapewa jina la mwingine kwa sababu yeye ndiye aliyeshika mashine ya kuchomea, au ndiye anayejua Kiingereza, au ndiye mwenye nauli ya kwenda mjini. Fomu inapofika ofisini, jina lako lilishapotea siku nyingi.

Wala si la Tanga peke yake. Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, WIPO, huhesabu wavumbuzi wanaotajwa katika maombi ya kimataifa ya hataza. Mwaka 2023 wanawake walikuwa asilimia 17.7. Yaani katika kila majina 100, yapata 82 ni ya wanaume. Marekani, yenye ofisi kubwa na mawakili wengi, mwaka 2019 wanawake walikuwa asilimia 12.8 tu ya wavumbuzi waliotajwa kwenye hataza. Sasa twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Kipime kitu chako kama uvumbuzi

Hataza ni haki ambayo serikali inakupa kwa muda maalumu, ili mtu mwingine asitengeneze, asitumie wala asiuze uvumbuzi wako bila idhini yako. Ili upewe, kitu chako lazima kipite masharti matatu. Kwanza kiwe kipya, na upya unaopimwa ni wa dunia nzima, siyo wa mtaa wa Makorora. Pili kiwe na hatua ya uvumbuzi, yaani fundi mwenye ujuzi wa kawaida wa kazi hiyo asingekifikia moja kwa moja bila kuumiza kichwa. Tatu kiwe kinatengenezeka au kinatumika katika kazi ya uzalishaji.

Wanawake wengi huanguka hapa bila hata kusukumwa. Ukimuuliza mtu amevumbua nini, anajibu "sijavumbua kitu, nimejirahisishia tu." Dada yangu, kujirahisishia kazi ndiko uvumbuzi ulikoanzia duniani kote. Mwanamume akitengeneza kifaa gereji tunamwita mvumbuzi. Mwanamke akitengeneza kifaa uani tunasema ana akili ya jikoni. Kitu kilekile, jina tofauti, na jina hilo ndilo linaloamua nani atakwenda kuulizia fomu.

Tupige mifano. Nakshi ya mkeka wa ukili uliyorithi kwa bibi haipewi hataza, kwa sababu si mpya. Mapishi ya achari ya embe yana njia bora ya kulindwa, nitaieleza mbele. Lakini kifaa kidogo cha kuchana singa za mkonge bila kuhitaji korona, ile mashine kubwa ya shamba la mkonge, chanja ya kukaushia mwani inayozuia umande kwa namna ambayo haijawahi kufanyika, au njia mpya ya kukamua tui lisichache haraka, hivyo vyote vinastahili kupimwa. Njia ya kutengeneza nayo hupewa hataza, siyo kifaa peke yake.

Visivyopewa ni ugunduzi wa kitu ambacho tayari kipo katika maumbile, nadharia za sayansi na kanuni za hesabu, mipango ya kuendesha biashara au michezo, aina za mimea na wanyama, na njia za kutibu mwili wa binadamu.

Kama kitu chako ni kipya na kinafanya kazi, lakini unaona kimeboresha kidogo tu kilichokuwepo, usikate tamaa. Sheria ina cheti cha matumizi, ambacho ni kama mdogo wake hataza. Hakidai hatua ya uvumbuzi, kinataka upya na kufaa kwa kazi. Muda wake ni mfupi, lakini kwa vifaa vingi ninavyoviona kwenye pwani yetu hicho ndicho kinachofaa, na nashangaa kinavyosemwa kwa nadra.

Hatua ya 2: Fungua daftari leo

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wahenga walisema ya duka, nasi tuyapeleke kwenye uvumbuzi.

Nunua daftari lililoshonwa, lile ambalo karatasi ikichanwa inaonekana. Andika jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. Weka namba kila ukurasa. Andika kwa kalamu ya wino, usifute. Ukikosea piga mstari mmoja na uendelee. Kila siku uliyofanya jambo andika tarehe, tatizo ulilokuwa unalitatua, ulichojaribu, kilichoshindikana na kwa nini. Yaliyoshindikana yana thamani kubwa, kwa sababu mwizi huwa na kitu kilichokamilika tu, hana safari. Chora, hata kama huna mkono wa kuchora. Andika vipimo. Kila baada ya kurasa chache mwombe mtu mmoja unayemwamini, asiye na maslahi na kazi hiyo, asaini na kuweka tarehe chini ya maneno "nimesoma na kuelewa". Awe mtu wa kutunza siri. Sababu utaiona katika hatua inayofuata.

Mwanamke mmoja wa Marekani, Margaret Knight, alibuni mashine ya kutengeneza mifuko ya karatasi yenye kitako bapa. Alipokuwa akitengenezewa mfano wa chuma kwenye karakana, mwanamume aitwaye Charles Annan aliuona na kuwahi kuuombea hataza kwa jina lake mwenyewe. Knight alimshtaki. Inasimuliwa kwamba utetezi ulikuwa kwamba mwanamke hawezi kuelewa mashine ngumu namna ile. Yeye akaweka mezani michoro yake, maandishi yake na mifano yake. Akashinda, na mwaka 1871 akapata hataza yake. Kila ninapoisoma habari hii naona fundi wetu wa kuchomea, na naona daftari ambalo mama mdogo hakuwa nalo.

Tahadhari moja. Daftari ni ushahidi, si haki. Watu wawili wakivumbua kitu kimoja kila mmoja kivyake, haki ni ya aliyetangulia kuwasilisha ombi. Daftari litakusaidia kuonyesha kwamba mtu alichukua kwako, halitakusaidia dhidi ya mtu aliyefika mwenyewe na kuwahi ofisini.

Hatua ya 3: Usikionyeshe kwa mtu kabla ya kuwasilisha ombi

Hapa ndipo nitakaa sana, kwa maana hapa ndipo wanawake wengi wanapoteza haki yao.

Nimesema kitu lazima kiwe kipya. Kikishajulikana hadharani, mahali popote duniani, kwa maandishi, kwa kuonyeshwa au kwa kutumiwa, upya umekwisha. Aliyekitangaza akiwa ni wewe mwenyewe, usitegemee kusamehewa. Ukikirusha kwenye status ya WhatsApp, umekitangaza. Video ya TikTok, umekitangaza. Ukikieleza kwenye semina ya wajasiriamali yenye watu 40, umekitangaza. Ukikiuza sokoni hata kimoja, umekitangaza.

Sheria hiyo ni moja kwa wote, lakini haimuumizi kila mtu sawasawa. Mhandisi aliyeajiriwa kiwandani anafanyia majaribio nyuma ya geti lililofungwa. Mwanamke wa Sahare anafanyia majaribio ufukweni, majirani wote wanatazama. Fedha nyingi zinazoitwa za kuwawezesha wanawake zinapitia kwenye maonesho, vikundi na mafunzo, ambako unapewa kipaza sauti na kuambiwa ueleze bidhaa yako. Ukikaa kimya hupati kitu. Ukisema, umeuza upya wako kwa soda na cheti cha ushiriki. Sidhani kama waandaaji wana nia mbaya. Lakini ni mtego, na anayeingia humo mara nyingi ni mwanamke.

Basi jifunze kueleza faida bila kueleza namna. Kwenye maonesho sema: "Kifaa hiki kinavuna kamba moja kwa dakika chache badala ya saa nzima." Usikifungue, usikubali kipigwe picha kwa karibu, ukiweza usikilete kabisa, leta mwani uliovunwa nacho. Mtu akisisitiza, mwambie ombi la hataza linaandaliwa. Neno hilo peke yake hubadilisha heshima.

Itifaki ya Harare, mkataba wa nchi kadhaa za Afrika kuhusu hataza, ambao Tanzania ni mwanachama wake, inatoa nafuu kidogo: kuonyesha kwenye maonesho rasmi au yanayotambuliwa rasmi hakuhesabiwi kama ombi limewasilishwa ndani ya miezi 6. Binafsi simshauri mtu aitegemee. Utaingia kwenye ubishi kama maonesho ya wilaya yako yalikuwa rasmi au la, na ubishi huo unahitaji wakili.

Kwa fundi je? Humkwepi, maana wengi wetu hatuna mashine ya kuchomea. Nenda kwake na karatasi. Si lazima iandikwe na mwanasheria. Iandikwe Kiswahili safi, isainiwe na nyinyi wawili na shahidi mmoja, kila mmoja abaki na nakala. Unaweza kuanzia na maneno haya:

"Mimi ………, fundi wa ………, leo tarehe ……… nimepokea kutoka kwa ……… maelezo na michoro ya kifaa cha ………. Nakubali kwamba kifaa hiki amekivumbua yeye. Nitakitengeneza kwa ajili yake tu, kwa malipo ya shilingi ………. Sitakitengenezea mtu mwingine, sitakiuza, sitakipiga picha wala kukieleza kwa yeyote bila idhini yake ya maandishi. Nikiwa na wazo la kukiboresha, tutaliandika kwenye karatasi hii kabla ya kulifanyia kazi."

Sentensi ya mwisho usiiondoe. Kuna mafundi wa Ngamiani wenye akili nyingi, na akikuletea wazo jipya la kweli, basi katika sehemu hiyo naye ni mvumbuzi. Haki tunayoidai kwa ajili yetu tusiwanyime wao. Lakini kuunganisha chuma kwa kufuata mchoro wako si kuvumbua.

Na kama unaona aibu kumpa karatasi mtu unayemwita kaka, ndugu wa jirani, mtu mliyezikana? Naijua aibu hiyo. Mwambie: "Kaka, hii ni kwa ajili yetu wote wawili, kesho tusije tukagombana." Akikataa kusaini, ondoka na mchoro wako. Mafundi ni wengi. Njia nyingine ni kugawa kazi: fremu kwa fundi wa barabara ya huku, meno kwa fundi wa kule, ukaunganishe mwenyewe nyumbani.

Hatua ya 4: Amua jina litakaloandikwa, na uwe na msimamo

Mwaka 1715 mfalme wa Uingereza alitoa hataza ya njia mpya ya kusafisha na kutayarisha mahindi. Aliyeivumbua alikuwa mwanamke kutoka makoloni ya Amerika, Sybilla Masters. Njia yake ilitumia nyundo za kutwanga badala ya mawe ya kusaga. Ukitazama vizuri ni kinu na mchi vilivyofungwa kwenye mashine. Lakini hataza ilitoka kwa jina la mumewe, Thomas, na ndani yake ikaandikwa kwamba uvumbuzi ulikuwa wa Sybilla, mke wake. Sheria ya wakati ule haikumruhusu mke kumiliki.

Ya kwetu inaruhusu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mwanamke aliyeolewa haki sawa na mwanamume ya kupata mali, kuimiliki, kuingia mikataba na kushtaki. Na soma kwa makini kifungu cha 60: mali ikipatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja, inachukuliwa kuwa ni ya huyo peke yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo ukimwandikisha mume "kwa sababu yeye ndiye anakwenda Dar", siku mambo yakiharibika, au siku ndugu zake wakija kwenye mirathi, kazi ya kuthibitisha itakuwa juu yako. Mpende mumeo, mshukuru kwa nauli, lakini fomu iwe na jina lako.

Tofautisha vitu viwili kwenye fomu: mvumbuzi na mmiliki. Mvumbuzi ni aliyewaza. Mmiliki ni mwenye haki ya hataza, na anaweza kuwa mtu mwingine, kikundi au kampuni, kama haki imehamishiwa kwake. Hata hivyo mvumbuzi ana haki ya kutajwa kwenye hataza. Mkataba wa Paris, ule wa kimataifa wa kulinda uvumbuzi na alama za biashara, umeiweka wazi. Kwa hiyo mtu akikwambia "tumesajili kwa jina la mradi, majina ya watu hayahitajiki", usikubali.

Mara nyingi mgogoro unaibuka kwenye kikundi. Wanawake 15 wa mwani wanafanya kazi pamoja, mmoja anawaza kifaa, wote wanakijaribu. Ushauri wangu ni kuandika kwenye muhtasari wa kikao: mvumbuzi ni fulani, kikundi kina ruhusa ya kukitumia bure, kikiuzwa nje, mgawanyo ni huu. Nimeona vikundi vikivunjika kwa kuogopa kusema hayo mapema, kila mtu akidhani mwenzake ameelewa.

Kwa walioajiriwa, na wanafunzi wa vyuo: uvumbuzi uliofanywa kama sehemu ya kazi uliyoajiriwa kuifanya kwa kawaida ni wa mwajiri. Soma mkataba wako na kanuni za chuo kabla ya kutumia maabara yao. Kisha angalia orodha ya wavumbuzi kabla bosi au msimamizi hajaituma. Binti anayefanya majaribio usiku na mchana huandikwa kwenye shukrani, wakati mwenye cheo huandikwa juu. Uliza kwa adabu, lakini uliza kwa barua pepe, ibaki kumbukumbu.

Swali lingine ninaloulizwa: je, nifiche kwamba mimi ni mwanamke, niandike herufi za mwanzo tu? Swali si la kipuuzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliopitia maombi yapatayo milioni 2.7 ya Marekani, ulikuta wanawake wanaoomba wana nafasi ndogo zaidi ya kukubaliwa, na pengo lilikuwa kubwa kwa wenye majina yanayojulikana wazi kuwa ya kike kuliko wenye majina adimu ambayo msomaji hatambui jinsi yake. Hata hivyo sikushauri kujificha. Jina la hataza litakwenda benki, kwa mnunuzi na mahakamani. Likitofautiana na kitambulisho chako utajitengenezea tatizo jipya.

Hatua ya 5: Tafuta kama kipo tayari

Hii ni fupi. Tumia PATENTSCOPE ya WIPO na Espacenet ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya. Zote ni bure na zinafunguka kwenye simu. Maneno ya kutafutia ni ya Kiingereza, kwa hiyo kaa na kijana anayeijua lugha, lakini mpe maneno ya jumla tu: mwani, kamba, kuvuna. Tazama michoro kwanza, maana mchoro hausemi Kiingereza. Ukikuta kinachofanana, kisome. Mara nyingi utagundua chako kinatofautiana mahali fulani, na hapo ndipo penye hataza yako. Andika ulichokikuta kwenye daftari.

Hatua ya 6: Chagua mlango wa kuingilia

Kwa Tanzania Bara mlango ni BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni. Mfumo wao wa mtandaoni, ORS, unafunguliwa kwa namba ya NIDA, na malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali. Kabla ya kulipa piga simu, omba dawati la miliki ubunifu, uliza fomu ya sasa, ada ya sasa na utaratibu wa kuwasilisha. Hataza ya BRELA huanza na miaka 10 na inaweza kuongezwa mara mbili, miaka 5 kila mara.

Sasa jambo ambalo watu wa Tanga wanapaswa kulijua kuliko wengine wote. Miliki ya viwanda, yaani mambo kama hataza na alama za biashara, si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria yake na ofisi yake, BPRA. Kifaa cha mwani kilichosajiliwa BRELA hakina ulinzi Pemba, ng'ambo ya mkondo tu, na huko Visiwani ndiko wakulima wengi wa mwani waliko. Vivyo hivyo ukivuka Horohoro kuingia Kenya.

Ukitaka nchi kadhaa kwa ombi moja kuna ARIPO, shirika la kanda lenye makao Harare, ambalo Kenya na Tanzania zote zimo. Kazi zake ni za Kiingereza, na ada ni kubwa zaidi. Kwa dunia pana kuna mfumo wa PCT, yaani Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, unaosimamiwa na WIPO. Waombaji wa nchi zenye maendeleo duni, Tanzania ikiwemo, hupunguziwa ada ya kimataifa ya kuwasilisha kwa asilimia 90. Usikimbilie huko siku ya kwanza. Ukishawasilisha nyumbani una miezi 12 ya kuomba kwingine ukihesabiwa tarehe ile ile ya mwanzo. Tumia miezi hiyo kupima soko.

Na mapishi ya achari? Hayo yafanye siri ya biashara: waambie wachache, wasainishe, na jina la bidhaa ulisajili kama alama ya biashara. Hataza inakutaka ueleze kila kitu hadharani, kisha muda ukiisha kila mtu anaruhusiwa. Siri haina mwisho mpaka ivuje.

Hatua ya 7: Andika ombi, na uyatazame madai kwa jicho kali

Ombi lina sehemu tano: fomu, maelezo, madai, michoro na muhtasari. Maelezo yawe kamili kiasi kwamba fundi asiyekujua akiyasoma anaweza kukitengeneza. Ukificha kiungo muhimu, hataza inaweza kubatilishwa.

Moyo wa ombi ni madai. Kilichomo kwenye madai ni chako, kisichokuwemo si chako. Nichukue kifaa cha mama mdogo, kwa kuwa kimekwisha onekana hadharani na hakiwezi tena kusajiliwa. Mtu asiyezoea angeandika: "Kifaa chenye ubao wa mvule wa sentimita 40 na spoku 12 za baiskeli." Mwigaji anaweka plastiki na meno 10, anakwepa. Dai lenye nguvu lingekuwa hivi:

"Kifaa cha kunyofolea mwani, chenye fremu yenye tundu la kupitishia kamba, na safu mbili za meno zinazokabiliana kandokando ya tundu hilo, ambapo nafasi kati ya safu hizo ni pana kuliko kamba na nyembamba kuliko shada la mwani, hivyo kamba inapovutwa mwani hubaki upande mmoja."

Halafu madai madogo yanafuata: kifaa kama katika dai la 1, ambacho meno yake ni ya chuma, kifaa kama katika dai la 1, kilichofungwa kwenye ngalawa. Angalia dai la kwanza linavyoshika wazo, siyo mbao. Hii ndiyo sehemu ambayo, kama una fedha ya wakili wa hataza kwa saa mbili tu, ningekwambia uitumie hapa. Yeye apitie madai. Mengine andika mwenyewe, kisha yapelekwe kwa lugha inayotakiwa.

Hatua ya 8: Hesabu ya fedha

Kuna ada ya kuwasilisha, kuna ada ya kila mwaka ya kuihuisha hataza, na kuna gharama ya kumshtaki mwigaji, ambayo hakuna anayekulipia. Kwa hiyo jiulize bila kujidanganya: utauza vingapi, na kwa nani? Kama soko lako ni vijiji vinne vya Mkinga, huenda cheti cha matumizi na alama ya biashara vikatosha. Kama kuna kiwanda au mnunuzi mkubwa anayeweza kukulipa kwa leseni, yaani ruhusa ya kutengeneza kwa malipo, hataza itajilipa yenyewe.

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mkopo huo utumie kutengeneza na kuuza kifaa, siyo kulipia hataza peke yake, kwa kuwa karatasi haileti marejesho ya mwezi. Kwenye andiko la mkopo usieleze namna kifaa kinavyofanya kazi kama bado hujawasilisha ombi. SIDO Tanga, shirika la viwanda vidogo, na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, nao nenda ukawaulize kuhusu karakana, ushauri na ruzuku za ubunifu. Kila unapokwenda, chukua ile karatasi ya kutunza siri; ofisi makini haitakasirika.

Hatua ya 9: Wakikurudishia, jibu

Siku moja utapokea barua kwamba ombi lina kasoro, au kwamba kuna kitu kama chako. Wengi huikunja na kuiweka kabatini. Utafiti mwingine wa Marekani umeonyesha kwamba sehemu kubwa ya pengo kati ya wanawake na wanaume inatokana na wanawake kuliacha ombi baada ya kukataliwa mara ya kwanza, wakati wanaume wanalirekebisha na kulirudisha. Siamini kwamba wanawake wale ni waoga. Mtu asiye na wakili, aliyeambiwa maisha yake yote kwamba hayo si mambo yake, barua ya namna hiyo anaisoma kama uthibitisho.

Barua ya kwanza ya pingamizi ni mazungumzo ya kawaida ya kazi hii. Angalia tarehe ya mwisho ya kujibu, iandike ukutani. Soma hoja moja moja, jibu moja moja, punguza upana wa dai panapobidi. Ukihitaji msaada, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watoa msaada wa kisheria na wasaidizi wao. Huenda hawajui hataza, lakini wanajua kusoma barua ya serikali na kuhesabu siku.

Hatua ya 10: Itunze kama shamba

Ada ya mwaka ikipita bila kulipwa, hataza inakufa. Mkataba wa Paris unadai nafasi ya angalau miezi 6 ya kulipa kwa faini, lakini usiizoee. Weka tarehe kwenye simu yako na kwenye simu ya binti yako.

Kumbuka pia kwamba hataza ni mali: inauzwa, inakodishwa, inarithiwa. Ukiuza, uza kwa maandishi na jina lako la mvumbuzi libaki. Kwenye wosia wako itaje pamoja na minazi na nyumba, na uandike daftari liko wapi. Mama mdogo sasa ana kitu kingine, cha kukaushia mwani wakati wa masika, ambacho sitakieleza hapa. Daftari lake liko kwenye sanduku la kanga, na ufunguo anao mjukuu wake wa kike wa darasa la sita, ambaye ndiye anayemchorea.